Insha ya Jembe

Muhanna bin Hamoud alipofunguliwa mlango na mkewe jioni ile, alimkuta dada yake Zeyana ameketi sebuleni na Khole, vichwa vyao vimekaribiana juu ya daftari, wanacheka. Alisimama kidogo kuwatazama. Tangu duka lake lifungwe pamoja na maduka mengine ya watu binafsi, kicheko kilikuwa kimepungua katika nyumba ile ya mtaa wa Isevya. Yeye mwenyewe sasa aliajiriwa kupima sukari katika duka la ushirika, na kila jioni kabla ya kutoka alikaguliwa mifuko ya kanzu kama watumishi wengine, ingawa watumishi wengine hawakukaguliwa kwa uangalifu uleule. Kwa hiyo alifurahi kukuta watu wanacheka, akapita ndani bila kuwauliza wanacheka nini.

Zeyana alikuwa amekuja kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam, kufanya utafiti wa shahada yake ya juu. Alitaka kujua ubunifu wa mtoto unakuaje darasani: lini mtoto anatoa kitu chake mwenyewe, na lini anarudisha tu alichopewa. Mkoa ulimpa kibali, akapangiwa shule moja ya msingi pembezoni mwa mji, na kwa bahati ndiyo aliyosoma Khole, mtoto wa kaka yake. Siku zote hizo alikaa nyuma ya darasa la tano akitazama na kuandika. Hakuwa amepata kitu. Mwalimu alisema, watoto wakaitika. Mwalimu aliandika ubaoni, watoto wakanakili. Aliogopa kwamba angerudi kwa msimamizi wake mikono mitupu.

Jioni ile Khole alimwambia kuwa kesho kutakuwa na insha, na kichwa chake kitakuwa Shamba Letu la Shule. Kila mwaka huwa hicho. Mwalimu hutoa sentensi za mwanzo, nao hujazia. Zeyana akamuuliza yeye mwenyewe angependa kusema nini juu ya shamba hilo. Khole akafikiri, akajibu kwamba yeye angependa jembe ndilo liseme. Ndipo walipoanza kucheka.

"Basi andika hivyo," Zeyana alimwambia. "Andika kitu ambacho mwenzako hatakiandika. Mwalimu atafurahi."

Khole alimtazama shangazi yake kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa mtu mzima, msomi, mgeni ambaye hata mwalimu mkuu alimwamkia kwa heshima. Mtoto akaamini.

*

Mwalimu Limbu alikuja darasani siku ile na shati lililopigwa pasi. Alikuwa mtu wa kijiji cha Choma, mpole kwa kawaida, mwenye watoto wengi na mshahara ulioisha kabla ya mwezi. Kuwapo kwa mtafiti darasani kulimtia wasiwasi. Ingawa aliambiwa mara kadhaa kuwa huyu si mkaguzi, hakuona tofauti. Aliandika ubaoni kwa mwandiko mzuri kwamba shule yetu ina shamba kubwa, tunalima mahindi na karanga, kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Watoto wakainama. Walipomaliza, aliita baadhi wasome kwa sauti ili mgeni asikie.

Walisoma, na insha zote zilikuwa moja. Kisha akamwita Khole, kwa kuwa alikuwa anasoma vizuri, na kwa kuwa alidhani mgeni angefurahi kumsikia mtoto wa kaka yake.

"Mimi ni jembe la shule," Khole alisoma. "Sina jina. Nina wenyewe wengi na wote wana mikono midogo. Asubuhi wananichukua shamba la shule. Tukimaliza wananichukua nyuma ya nyumba ya Mwalimu. Udongo ni uleule, na magugu ni yaleyale. Mahindi ya shule nayaona yakipakiwa kwenye magunia. Mahindi ya Mwalimu siyaoni yanakokwenda. Mimi ni jembe, sikusoma. Kwa hiyo sijui kwa nini mashamba yote mawili yanaitwa letu."

Darasa lilianza kucheka tangu kwenye mikono midogo. Kilikuwa kicheko cha furaha, cha watoto waliosikia kitu chao kikisemwa kwa mara ya kwanza. Huko nyuma Zeyana alikuwa anaandika haraka, mkono ukikimbia. Hiki ndicho alichokifuata safari yote. Hata kabla Khole hajamaliza, alikuwa ameshaona mahali maneno yale yatakapokaa katika tasnifu yake.

Kicheko kikakatika. Mwalimu Limbu alikuwa amesimama bila kusogea, uso umemwiva. Ni kweli watoto walilima nyuma ya nyumba yake. Walilima nyuma ya nyumba za walimu wote, na kila mtu katika kata alijua, na hakuna aliyekuwa amelisema mbele ya mgeni mwenye kalamu.

"Nani amekufundisha maneno haya?" aliuliza.

Khole aligeuza kichwa akatazama nyuma ya darasa, alipokaa shangazi yake. Hakutazama kwa kushtaki. Alitazama kama mtu anayesubiri kusaidiwa.

Zeyana aliinamisha kichwa juu ya karatasi zake.

"Ni baba yako?"

Mtoto alinyamaza, na kunyamaza kwake kukachukuliwa kuwa jibu. Mwalimu alichukua fimbo dirishani, akamwambia anyooshe mikono. Alimpiga viganjani, mkono huu na mkono ule, akipumzika kidogo kila baada ya pigo kama anayesubiri kitu. Zeyana alikuwa amefundishwa kwamba mtafiti haingilii anachokitazama. Alijishikilia kwenye kanuni hiyo. Kalamu yake haikusimama.

*

Masika, mamaye Khole, aliiloweka mikono ya mwanawe katika maji ya chumvi. Viganja vilikuwa vimevimba, kimoja kimepasuka karibu na kidole gumba. Alipoona jeraha hilo hakupiga kelele. Alimuuliza mtoto alifanya nini, na Khole akasema aliandika insha vibaya.

"Wifi, na wewe ulikuwepo?" Masika aliuliza bila kugeuka.

"Nilikuwepo," Zeyana alijibu.

Masika alisubiri. Aliendelea kuyamwaga maji polepole juu ya mikono ya mtoto, kikombe baada ya kikombe, akimpa wifi yake nafasi ya kuongeza neno. Lilipokosekana, alifuta mikono yake kwenye khanga, akaenda kutazama chungu jikoni.

Wakati wa chakula Khole hakuweza kumega ugali. Mama yake alimlisha kama mtoto mchanga. Muhanna alimuuliza nani alimpa maneno yale ya shamba la mwalimu, kwa kuwa habari zilikuwa zimemfikia dukani na zilikuwa zimebadilika njiani: sasa ilisemwa kwamba binti yake alisimama darasani akatukana Elimu ya Kujitegemea, siasa yenyewe ya serikali. Khole alisema aliyatoa kichwani mwake. Alisema hivyo huku akitazama sahani. Hapo ndipo Zeyana alipoelewa kuwa mtoto hakuwa amemtaja, wala hatamtaja, na kwamba ukimya ule ulikuwa zawadi. Alifungua mdomo aseme. Nje mtu akabisha hodi. Alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, ameleta wito. Bwana Muhanna alitakiwa mbele ya kamati ya shule kesho yake alasiri. Zeyana akafunga mdomo. Alijiambia kuwa atasema huko huko, mbele ya wenyewe, palipo na maana.

*

Kamati ilikaa katika darasa lilelile la tano. Mwenyekiti wake, Bwana Lugembe, alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini na adabu nyingi. Alimpa Zeyana kiti cha mwalimu, akaagiza mgeni aletewe soda. Muhanna alionyeshwa dawati la wanafunzi. Aliingiza miguu yake mirefu kwa shida, magoti yakakwama chini ya ubao, kanzu ikajikunja mapajani. Alikuwa amevaa kanzu safi na kofia aliyovaa siku za Ijumaa. Kila alipotaka kugeuka kumwelekea anayesema, dawati zima lilisogea naye likakwaruza sakafu.

Lugembe alisema kamati haina ugomvi na mtu. Ila mtoto wa darasa la tano hawezi kutoa kichwani mwake kwamba shamba la shule si letu. Hayo ni maneno ya mtu mzima. Bwana Muhanna alikuwa na duka, babu zake walifika mjini hapa na misafara wakafanya biashara miaka yote hiyo, na sasa duka limefungwa. Uchungu huo wanauelewa. Lakini uchungu wa baba usipitishwe kwa mtoto ukaja kupandwa shuleni. Ikibidi, kamati itamwandikia meneja wa duka la ushirika, aelewe ana mtumishi wa aina gani.

Muhanna aliposikia neno meneja alishusha macho.

Wajumbe walinong'onezana. Mmoja akasema si vizuri kumhukumu mtu kwa kudhania, pengine mtoto alibuni mwenyewe, watoto wengine wana akili za ajabu. Lugembe aliona hoja ina uzito. Aligeuka kwenye kiti cha mwalimu.

"Bahati nzuri tunaye dada yetu msomi," alisema. "Hii ndiyo kazi yake. Tusaidie, dada. Mtoto wa umri huu anaweza kubuni maneno kama yale mwenyewe?"

Zeyana alijua jibu kuliko mtu yeyote nchini. Alimwona Khole jioni ile ya kicheko akilipatia jembe mdomo, neno kwa neno, yeye mwenyewe hakuongeza hata moja. Akisema ndiyo, wangemuuliza amejuaje. Akisema amejuaje, ingejulikana nani alimwambia mtoto aandike. Kibali kilikuwa kwenye mkoba wake. Kilikuwa na mhuri wa mkoa, na kilisema kwamba mtafiti hataingilia shughuli za shule.

"Mara nyingi," alisema, "watoto huiga kwa watu wazima walio karibu nao."

Alisikia sauti yake ikitoka tulivu, sauti ya kitaalamu. Wajumbe walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mwalimu Limbu, aliyekuwa ameketi kando ya dirisha, aliinua macho akamtazama, kisha akayarudisha chini.

Muhanna naye alimtazama dada yake mara moja. Halafu akajaribu kusimama ili aseme kwa heshima, dawati likamng'ang'ania, akasema akiwa amejipinda nusu.

"Ni mimi. Nilizungumza ovyo nyumbani, mtoto akasikia. Naiomba radhi kamati. Namwomba radhi Mwalimu."

Lugembe alimshukuru kwa uungwana wake. Kamati ikaamua isimwandikie meneja. Badala yake Jumamosi Bwana Muhanna atakuja na binti yake kupalilia shamba la shule, ili mtoto ajifunze kwa vitendo kwamba shamba ni letu. Muhanna alisema ahsante. Walimsaidia kujitoa kwenye dawati. Soda ya Zeyana ilibaki mezani imejaa, na mjumbe mmoja akamkumbusha kwa upole asiiache.

*

Walitembea kurudi Isevya. Waliposimama kwenye reli kupisha treni ya mizigo, Zeyana alimuuliza kaka yake kama Khole alimwambia ukweli.

"Mtoto hajasema neno," Muhanna alijibu. "Lakini katika nyumba yangu mimi namwambia anyamaze. Mama yake anamwambia anyamaze. Nani mwingine amebaki wa kumwambia aseme?"

Zeyana alianza kulia. Alisema atarudi sasa hivi, atawaambia wote kabla hawajatawanyika.

"Ukirudi utanifanya mwongo mara ya pili," Muhanna alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Nimeshajivika hili jambo. Liache lilipo. Maliza kazi yako, Zeyana. Mmoja wetu katika watoto wa Hamoud na amalize kitu."

Treni ilipita. Alimshika mkono kumvusha reli, kama alivyomvusha alipokuwa mdogo, na huko kushikwa mkono kukamuumiza zaidi ya maneno.

*

Jumamosi mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na udongo ulishikana na majembe. Muhanna hakuwa mkulima. Alilima kwa kuinama mno, akipumua kwa mdomo, suruali ya zamani imekunjwa hadi magotini, na wanafunzi waliokuja kwa kazi za Jumamosi walisimama pembeni wakimtazama yule Mwarabu wa duka anavyoshika jembe. Wengine walicheka. Khole, ambaye viganja vyake vilikuwa vimefungwa vitambaa, alifuata nyuma ya baba yake akiokota magugu kwa ncha za vidole.

Zeyana alifika jua likiwa limeshapanda. Alikuwa amejizuia asije, akashindwa. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Limbu, aliyesimama mwisho wa shamba akisimamia, na kumwambia kwamba kaka yake hakusema lolote kwa mtoto. Aliyemwambia aandike ni yeye mwenyewe.

"Najua," Limbu alisema. "Nilimwona mtoto alivyokutazama."

"Ulijua ukampiga?"

Limbu alitazama mistari ya mahindi. "Darasa zima lilikuwa linacheka, na wewe umekaa nyuma unaandika. Ningefanya nini, niseme ni kweli? Mshahara wangu unaujua. Bila mahindi yale watoto wangu hawali." Alijifuta uso. "Yule ndiye mwanafunzi wangu bora. Kila nilipoinua fimbo nilidhani utasema, basi Mwalimu, inatosha. Nilikuwa nakungojea. Ungesema, ningeacha."

Zeyana alimwacha pale, akavuka shamba hadi aliposimama Lugembe na wajumbe wake, akawaambia mbele ya watu wote kwamba yeye ndiye aliyemtuma mtoto kuandika, kwamba maneno yalikuwa ya mtoto mwenyewe, na kwamba alichowaambia kwenye kamati hakikuwa kweli. Alisema yote bila kupumzika, akiogopa kwamba akipumzika atanyamaza.

Wanafunzi waliacha kazi. Lugembe alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu ileile. Kisha akasema kwamba amesikitika sana. Mtafiti alipewa darasa, akalitumia kuwachezea watoto, halafu akaidanganya kamati. Jumatatu atakwenda mwenyewe kwa afisa elimu wa mkoa kueleza, na ajue kwamba kazi yake katika shule hii imeishia hapa. Kuhusu Bwana Muhanna, yeye alikiri kwa mdomo wake, na kazi imeshaanza. Ni vizuri aimalize.

Muhanna alikuwa amesimama akiegemea jembe, amesikia kila neno. Watu wote walimgeukia kuona atasema nini. Aliinama akaendelea kulima, na ilionekana kwa jinsi alivyoinama kwamba ile aibu aliyoichukua kwa hiari sasa ilikuwa imeondolewa thamani yake, ikabaki aibu tupu.

Zeyana alivua viatu, akaomba jembe kwa mwanafunzi mmoja, akaingia kwenye mstari wa jirani. Hakuna aliyemkaribisha wala aliyemzuia. Alilima vibaya, kwa haraka, udongo ukimrukia kwenye gauni. Baada ya muda alimwona Khole amesimama karibu naye na rundo la magugu kifuani.

"Shangazi."

"Naam, mwanangu."

"Nilipokuwa napigwa ulikuwa unaandika. Ulikuwa unaandika nini?"

Sauti yake haikuwa na lawama. Alikuwa anataka kujua tu, kama alivyotaka kujua mambo yote. Zeyana angeweza kumjibu kwa namna nyingi, na baadhi zingemliwaza mtoto.

"Nilikuwa naandika yale maneno ya jembe," alisema. "Niliogopa nitayasahau."

Khole alifikiri.

"Na mimi?"

"Wewe sikukuandika."

Mtoto aliitikia kwa kichwa. Akalikaza rundo lake la magugu kwa mikono iliyofungwa vitambaa, akavuka mistari ya mahindi kwa uangalifu asikanyage mche, akaenda kuendelea upande wa pili, aliko baba yake. Muhanna alisogea kidogo kumpisha.